Jozi: Wawili Waliofungwa Nira

Pale soko la Mlango Mmoja, wauza viatu vya mtumba wana ujanja ambao kila mnunuzi wa Mwanza anaujua. Juu ya turubai wanapanga mguu mmoja mmoja tu: wa kushoto wa raba hii, wa kulia wa buti lile. Mguu wa pili umelala ndani ya kiroba nyuma ya muuzaji, au ameukalia kabisa. Ukipenda kiatu unasema, "Kaka, nitolee na mwenzake," naye anaingiza mkono kwenye kiroba na kupekua mpaka aupate. Mwizi akipita na mguu mmoja, atajijua mwenyewe atakapofika nao.

"Jozi elfu kumi na tano, dada. Ukichukua jozi mbili tunaongea vizuri."

Jozi mbili ni viatu vinne, na hakuna anayesimama kupiga hesabu. Hilo ndilo linalonivutia katika neno hili. Ukisema "viatu viwili" umevihesabu tu. Vinaweza kuwa vya kushoto vyote. Ukisema "jozi" umeshasema kwamba kimoja kinamjua mwenzake, na kwamba wote wawili sasa ni kitu kimoja kinachouzwa kwa bei moja. Belo likifunguliwa, viatu vingi hutoka vimefungwa kwa kamba zake, wawili wawili, lakini hapakosi vichache vilivyopotezana njiani. Muuzaji huvitenga pembeni, akivitazama kila asubuhi kwa matumaini, mpaka fundi viatu atakapokuja kuvichukua kwa ajili ya soli. Hivyo haviitwi jozi wala nusu jozi. Vinaitwa "mguu uliobaki".

(Kandambili ni habari nyingine. Pale mbili si idadi ya miguu, ni idadi ya kanda zinazoshikilia kidole. Ukinunua jozi ya kandambili una kanda nne, na uhakika kwamba mmoja utang'oka ukiwa katikati ya matope ya Igoma.)

Neno jozi tumelipata kwa Waarabu. Katika Kiarabu cha kitabuni ni *zawj*, lakini katika Kiarabu cha mitaani cha sehemu nyingi sauti zimebadilishana viti, likawa *jawz* au *joz*, na hilo ndilo sura yake inafanana na letu. Kwa Waarabu *zawj* ni mume pia, na *zawja* ni mke. Mara nyingi neno humtaja mmoja wa wawili, yule mwenye mwenzake. Sisi hatukulichukua hivyo. Kwetu jozi ni wote wawili kwa pamoja, na mtu akimwita mumewe "jozi yangu" tutamwangalia mara mbili.

Waarabu nao hawakulizaa. Lilitoka Kiaramu, lugha iliyozungumzwa Palestina na Shamu kwa karne nyingi, na Kiaramu kililikopa kutoka Kigiriki: *zeugos*. Na *zeugos* kwa Wagiriki wa kale walikuwa wanyama wawili wa kazi, ng'ombe au farasi, waliofungwa pamoja. Ni ndugu wa *zygon*, yaani nira yenyewe, ule mti unaokaa juu ya shingo. Mizizi hiyohiyo imezaa *iugum*, nira ya Warumi, na *yoga* ya Wahindi, ambayo maana yake ya asili ni kuunganisha, kufunga pamoja. Wale wanaonyoosha viungo alfajiri kule Capri Point na yule anayeniuzia raba Mlango Mmoja wanatumia neno la ukoo mmoja, na ukoo huo unanuka ng'ombe.

Nilipolijua hilo nilicheka, kwa sababu mimi nimekulia kwenye nira.

Babu yangu mzaa mama alilima huko Kwimba, kwenye ile ardhi ambayo mvua ikikawia inapasuka kama mdomo wa mtu mwenye homa, na mvua ikija inageuka gundi. Udongo mweusi wa mbuga haulimwi kwa jembe la mkono ukapata eneo la maana. Usukuma ulilima pamba, na plau la kukokotwa na ng'ombe likawa sehemu ya boma kama vile kinu na mchi. Maksai wa babu walikuwa na majina, walikuwa na tabia, na kila mmoja alikuwa na upande. Huyu wa kulia, yule wa kushoto. Wa kulia alitembea ndani ya mtaro uliokwisha limwa, mguu ukizama kwenye udongo laini. Wa kushoto alitembea juu, kwenye ardhi ambayo haijaguswa. Jaribu kuwabadilisha uone. Ng'ombe aliyezoea mtaro atasukuma, atakanyaga mnyororo, atalala chini, na siku imeisha.

Nira yenyewe ilikuwa gogo lililochongwa na kulainishwa kwa shingo zao kuliko kwa tezo. Kila shingo ilikaa kati ya vijiti viwili vilivyoshuka kutoka kwenye gogo, na chini ya koo ukapita ukanda wa ngozi. Katikati palikuwa na pete ya chuma, na kwenye pete ndipo ulipoanzia mnyororo wa plau. Kazi yetu watoto ilikuwa kwenda mbele tukishika kamba. Kazi ya babu ilikuwa nyuma, kushika mikono ya plau na kutukana.

Sasa kuna jambo ambalo nililiona mara nyingi kabla sijalielewa. Maksai wawili hawawi na nguvu sawa hata ukiwachagua vipi. Mmoja akiwa na nguvu zaidi, anatangulia, nira inapinda, na mstari unakwenda mshazari. Mwalimu wa fizikia angesema apunguziwe mnyonge mzigo, lakini mzigo ni mmoja, utaupunguza vipi? Babu alikuwa anasogeza ile pete ya katikati kidogo kuelekea kwa mwenye nguvu. Basi. Upande mrefu wa gogo ukabaki kwa mnyonge, na kwa kuwa upande mrefu unampa wenzo mkubwa, anavuta sehemu ndogo ya uzito. Wanakwenda bega kwa bega, mstari unanyooka, na hakuna anayejua nani anabeba zaidi isipokuwa wao wawili na aliyesogeza pete.

Dume changa lilifundishwa kwa kufungwa na mzee. Mzee alijua maneno yote na mipaka yote ya shamba. Kijana aliburutwa tu mpaka akaelewa. Na mmoja wao akifa, au akiuzwa kwa ajili ya ada, au akitolewa kwenye mahari, yule mwingine alisimama zizini mwenye afya njema na asiye na kazi. Babu hakusema amebaki na ng'ombe mmoja. Alisema, "Sina jozi." Akazunguka vijijini kutafuta mnyama wa kimo kile na mwendo ule, upande ule ule uliobaki wazi, na msimu ungeweza kumpita akitafuta.

Kwa hiyo neno lilitoka kwenye plau la Mgiriki, likapita kwa Waaramu na Waarabu, likashuka pwani, likaja bara pamoja na Kiswahili cha misafara, na mwisho wa safari likafika Usukuma, mahali ambapo linaweza kusimama zizini na kujitazama. Nira nayo ni ya Kiarabu, *nir*. Wakristo wa kanda hii wanaijua kwanza kutoka kwenye Injili ya Mathayo, "Jitieni nira yangu", kabla hata ya kuiona kwenye shingo ya ng'ombe. Kwenye harusi mchungaji huenda moja kwa moja kwa Paulo, pale anapowaonya Wakorintho wasifungiwe nira pamoja na wasioamini. Kigiriki cha mstari ule kina neno moja refu lililojengwa juu ya *zygon* hiyohiyo: kufungwa nira na asiye wa aina yako. Mkulima yeyote wa Kwimba ataelewa bila tafsiri. Punda na ng'ombe hawalimi pamoja.

Siku hizi vijana wengi wanasema "pea". Pea ya soksi, pea ya viatu. Sina ugomvi nayo, limetoka Kiingereza na Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, *par*, maana yake sawa, wanaolingana. Lakini ndiyo sababu nadhani jozi ni neno bora kwa viatu. Cha kushoto hakilingani na cha kulia. Ukivilinganisha utaumia vidole. Vinatembea pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma, vikipokezana uzito. Hiyo ni nira, si usawa.

Lipo neno lingine la uwili ambalo tulilipata shuleni bila mtu yeyote kutuambia lina nini ndani. Ukiwa darasani Tanzania unajifunza namba shufwa na namba witiri: mbili, nne, sita upande huu, moja, tatu, tano upande ule. Tuliimba tukiwa tumekaa watatu watatu kwenye dawati, witiri watupu. Waislamu wenzetu walikuwa na faida, kwa sababu witiri waliijua kama sala ya usiku inayomalizika kwa rakaa isiyo na mwenzake, na shufwa na witiri zote mbili zinaapiwa mwanzoni mwa sura ya Al-Fajr. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu kinachosema: kilikuwa kimoja, nikakiongezea kingine, kikawa viwili. Na kutoka mzizi huohuo ndipo lilipotoka neno shufaa, uombezi. Anayekushufaia ni mtu aliyekuja kusimama kando yako mbele ya mwenye hukumu, ili usionekane uko peke yako. Umekuwa shufwa. Kila nikisimama kwenye ofisi fulani ya serikali nikiwa na faili langu mkononi, naona jinsi hesabu za darasa la tatu zilivyokuwa na hekima. Watu hawaendi pale witiri. Wanakwenda na shemeji.

Maradufu nalipitia haraka, ingawa linachekesha. Katika Kiarabu mzizi wake unahusu anayepanda nyuma ya mwenzake juu ya mnyama mmoja. Ndiyo huohuo uliotupa kurudufu karatasi. Ukitaka kuuona ukiwa hai, simama Buzuruga saa kumi na mbili jioni uangalie bodaboda. Mwanza tumeipita maradufu zamani. Kuna dereva, kuna mama, kuna mtoto katikati na ndoo ya dagaa, na hilo tuna jina letu wenyewe: mshikaki.

Doti inahitaji muda zaidi. Mwanamke wa kwetu akisema amenunua doti, hata asipotaja kanga unajua. Doti ni vipande viwili vya kanga vilivyotoka kiwandani vikiwa vimeungana, pindo lilelile, mji uleule, maneno yaleyale mara mbili. Unavikata mwenyewe na kupinda. Kwa kuwa Kihindi cha mbili ni *do*, ni rahisi mtu adhani doti ina mbili ndani yake. Haina. Ni *dhoti*, ile nguo ndefu ambayo wanaume wa India hujifunga kiunoni. Ilipofika pwani yetu ikawa kipimo. Katika misafara ya karne ya 19 doti ilikuwa yadi nne, mikono minane, na nusu yake iliitwa shuka. Vitabu vya safari vya Burton na Stanley vimejaa hesabu za doti: hongo kwa mtemi huyu, posho ya wapagazi, mbuzi kadhaa kwa shuka moja. Ilikuwa fedha. Nguo ya merikani, ile nyeupe isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Marekani, na kaniki na shanga, ndivyo vilivyolipia njia ya watu kama Speke, aliyefika ukingo huu wa ziwa tarehe 3 Agosti 1858 na kuliita kwa jina la malkia wake, kana kwamba halikuwa na la kwake.

Uwili wa doti, basi, ulitoka kwenye hesabu: shuka mbili hufanya doti moja. Kanga ikarithi. Lakini tazama tulichokifanya nayo. Jozi ya viatu ikitenganishwa imekufa. Doti ikitenganishwa ndipo inapoanza kazi. Upande mmoja kiunoni, wa pili kichwani, hiyo ni siku ya kawaida. Siku ya msiba upande mmoja unaubebea mtoto na mwingine unamfunika jirani aliyekuja mbio bila kujitanda. Ndugu wawili wakinunua doti moja na kugawana, kila mmoja anaondoka na maneno yaleyale kiunoni. Mmoja Mwanza, mwingine Geita, na siku wakikutana harusini utaona doti imerudiana. Mama alikuwa na pande nyingi zisizo na wenzao sandukuni, na alijua kila mwenzake uko kwa nani. Kanga za Mwatex, kiwanda chetu cha nguo hapa mjini, zilikuwa na pindo nene. Ukimuuliza upande wa pili wa hii uko wapi anakutajia shoga yake wa Sengerema.

Hayo yote ni ya kuja. La kwetu, la tangu mababu wa Kibantu, ni pacha. Wachewa wanasema mapasa, Washona mapatya, Wakikuyu mahatha, na Wasukuma mabasa. Ni neno moja lililotawanyika pamoja na watu wake, na popote lilipotua halikusahau linachohusu. Hata idadi yenyewe ni ya nyumbani: Msukuma akihesabu anasema imo, ibili, na Mganda ng'ambo ya ziwa anasema bbiri. Ni ajabu kidogo kwamba Waswahili tulikopa sita, saba na tisa kwa Waarabu lakini mbili hatukuigusa. Tuliitumia hata kwa ubaya: ndumilakuwili, nyoka anayeuma huku na huku, ambaye kila ofisi inaye mmoja.

Bibi alitukataza wasichana kula ndizi pacha, zile zilizoungana ganda, tusije tukazaa wawili. Alitukataza huku akicheka, kwa sababu yeye mwenyewe alitoka kwenye nyumba ya mabasa na aliringa nayo. Kanda hii ya ziwa haikuwaacha mapacha wapite kimyakimya. Kwa Wasukuma anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kiume awe wa kike, na majina hayo yamesafiri mpaka nchi nzima inayajua. Wajaluo wanaotoka Rorya wana Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo wakiwa wa kike: aliyewahi na aliyebaki. Wahaya wana Ishengoma na Kato, Nyangoma na Nyakato. Waganda wanawaita wavulana Wasswa na Kato, wasichana Babirye na Nakato, kisha hawaishii hapo: baba anakuwa Ssalongo na mama Nnalongo, na ngoma yao ina nyimbo za matusi ambazo siku nyingine zingemfanya mkwe akimbie.

Na hapa ndipo ninapoona mapacha walivyo tofauti na jozi. Nira inafunga wawili na kufunga mlango. Mapacha wa ziwani wanaufungua. Mzazi anabadilishiwa jina kwa sababu yao. Hata mtoto anayezaliwa baada yao hapewi jina la kwake mwenyewe kabisa. Anaitwa kwa sababu wao walitangulia. Kwa Wajaluo ni Okelo au Akelo. Kwa Waganda Kizza, kwa Wahaya Kaiza. Kwetu ni Shija. Kuna nyumba nyingi Mwanza ambazo wageni hawajawahi kuwaona mapacha wao, lakini wanajua wapo, kwa sababu aliyewafungulia mlango amejitambulisha kwa jina la Shija.

Nina rafiki mmoja mwenye jina hilo, mhasibu, mtu makini, mwenye ofisi na kiti kinachozunguka. Anasema hajawahi kukutana na Msukuma mtu mzima ambaye, baada ya kulisikia jina lake, alimuuliza kwanza habari zake. Swali ni lilelile: "Kulwa na Doto hawajambo?" Wengine hata hawajui kama ni wa kiume au wa kike, lakini wanawasalimia. Juzi nilikuwa ofisini kwake, mzee mmoja akaingia na risiti zake, akasoma jina mezani, akauliza. Shija akavua miwani.

"Hawajambo, mzee. Kulwa yuko machimboni Geita, anasema mwaka huu ndio mwaka. Doto anauza vitenge. Ada za watoto wao nalipa mimi."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema wasalimie sana, akaanza kupanga risiti zake.